Henry Gantt, injinia aliyetaka kuona kazi yenyewe mbele ya kuamini ripoti

Katika biro nyingi za komine ya Kasuku, mjini Kindu, kuna karatasi moja ambayo kila mtu aliyewahi kuandika mradi anaijua. Upande wa kushoto kuna orodha ya kazi: kusafisha kiwanja, kuchimba msingi, kupandisha kuta, kuezeka. Juu kuna miezi. Katikati kuna mistari, au vyumba vidogo vilivyopakwa rangi. Watu wanaiita kronogramu. Mradi usiokuwa nayo haupelekwi kwa mfadhili. Siku hizi inatengenezwa kwa kompyuta, na programu za kusimamia miradi zinaiita kwa jina la mtu: mchoro wa Gantt.

Mtu huyo alikuwa Mmarekani, Henry Laurence Gantt, injinia wa mashine, aliyezaliwa mwaka wa 1861 na kufariki mwaka wa 1919. Jina lake limezunguka dunia nzima, hata kwenye majimbo ambako watu wachache sana wanajua alikuwa nani. Lakini kilichofika kwetu ni nusu ya kazi yake. Mchoro aliouacha ulikuwa na mistari ya namna mbili. Mmoja ulionyesha kazi iliyopangwa. Mwingine ulionyesha kazi iliyofanyika kweli, ikiwa imekwisha kuhesabiwa. Ule wa kwanza ndio unaobandikwa ukutani. Ule wa pili ndio uliomsumbua Gantt miaka yote ya kazi yake, na ndio unaokosekana mara nyingi.

Mtoto wa shamba la watumwa

Gantt alizaliwa tarehe 20 Mei 1861 katika wilaya ya Calvert, jimbo la Maryland, eneo la mashamba ya tumbaku. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimeanza mwezi mmoja tu mbele yake. Baba yake, Virgil Gantt, alikuwa tajiri, na utajiri wake ulikuwa watu: alimiliki zaidi ya watumwa sitini, wanaume, wanawake na watoto. Mwaka wa 1864 Maryland ikafuta utumwa. Familia ikapoteza mali na shamba, ikahamia mji wa Baltimore, na kijana Henry akakulia katika umaskini ambao wazazi wake hawakuwahi kuufikiria.

Waandishi wengi wa maisha yake wanapita haraka hapo, wakisifu bidii ya mtoto aliyeanguka kutoka utajirini na kujiinua kwa masomo. Hiyo ni sehemu moja ya habari. Sehemu nyingine ni kwamba mashamba ya watumwa yalikuwa yamezoea kumpimia kila mtu kazi yake ya siku na kuiandika kitabuni jioni. Baadaye Gantt alijenga utaratibu wake wote juu ya kipimo cha kazi cha siku, na alijua vizuri kwamba neno alilochagua lilikuwa na harufu ya utumwa masikioni mwa wafanyakazi. Alilitumia hata hivyo, akisema kwamba kwake lina maana nyingine: kwamba mtu aliyefikia kipimo alipwe zaidi.

Wazee wa Maniema hawahitaji kuelezwa jambo hilo. Kilimo cha lazima cha pamba katika Congo ya Wabelgiji kilianza mwaka wa 1917, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kukijua. Moniteri wa kilimo alikuja kupima shamba, na shamba lisilofikia kipimo lilileta adhabu. Amri ya mwaka wa 1933 iliweka siku 60 za kazi ya lazima kila mwaka. Wakati wa vita, mwaka wa 1942, zikafika 120. Kukagua kazi, kwa watu wengi wa upande huu, kulianza na fimbo. Inafaa kulikumbuka hilo unaposoma habari za injinia aliyetaka kila kazi ikaguliwe, kwa sababu swali la nani anakagua, na kwa faida ya nani, lilimfuata yeye pia.

Shule, kisha chuma

Gantt alisoma McDonogh, shule ya bweni karibu na Baltimore iliyofunguliwa mwaka wa 1873 kwa watoto wa kiume wa familia maskini. Kutoka hapo aliingia chuo kikuu cha Johns Hopkins, akamaliza mwaka wa 1880 akiwa na miaka 19. Alirudi McDonogh kufundisha sayansi, na ualimu huo haukumtoka: hata alipokuwa mtu mkubwa wa viwanda aliendelea kuamini kwamba mfanyakazi anayeshindwa kazi mara nyingi hajafundishwa. Mwaka wa 1884 alipata diploma ya uinjinia wa mashine katika Stevens Institute of Technology, kule New Jersey.

Mwaka wa 1887 aliajiriwa na kiwanda cha chuma cha Midvale, mjini Philadelphia. Huko alimkuta Frederick Winslow Taylor, mtu aliyeingia kiwandani na saa mkononi. Taylor alihesabu sekunde za kila mkono na kila hatua ya mfanyakazi, akitafuta njia moja iliyo bora kupita zote, kisha akataka watu wote waifuate. Gantt akawa msaidizi wake. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, wakaandikisha pamoja hata hati za uvumbuzi, na mwisho wa miaka ya 1890 wakakutana tena katika kiwanda kikubwa cha chuma cha Bethlehem, jimbo la Pennsylvania.

Kwa tabia hawakufanana. Taylor alikuwa mkali, mwenye kugombana. Malipo aliyoyabuni yalikuwa na makali yaleyale: mfanyakazi aliyefikia kipimo alilipwa bei ya juu kwa kila kipande, na aliyepungukiwa hata kidogo alilipwa bei ya chini kwa vipande vyote. Gantt aliona kwamba namna hiyo mtu anaadhibiwa kwa mambo yasiyo yake. Mashine ikiharibika, chuma kikichelewa kuletwa, mshahara unaanguka.

Mwaka wa 1901, pale Bethlehem, alijaribu namna nyingine. Kila mfanyakazi alihakikishiwa mshahara wake wa siku. Asubuhi alipewa kadi iliyoandika kazi, namna ya kuifanya, na saa zinazohitajika. Akiimaliza kwa wakati, na kazi ikiwa nzuri, aliongezewa matabishi. Asipoimaliza, hakupoteza mshahara.

Na kapita je? Hapo Gantt alifikiri sana. Kapita aliyesimamia watu kumi alipata senti 10 kwa kila mmoja aliyefikia kipimo. Wakifika tisa, alipata senti 90. Lakini wakifika wote kumi, hesabu ilipanda kuwa senti 15 kwa kila mmoja, yaani dola moja na nusu. Kwa hiyo yule mtu wa kumi, aliye dhaifu kuliko wenzake, ndiye aliyemletea kapita senti 60 zaidi. Ghafla kapita alikuwa na sababu ya kukaa naye na kumfundisha badala ya kumfukuza.

Ilikuwa akili nzuri. Ilikuwa pia na hatari ambayo kila mtu aliyefanya kazi katika miradi anaiona mara moja: kapita anayelipwa kwa sababu watu wake wamemaliza atasema wamemaliza. Ndiyo maana katika viwanda vilivyofuata mawazo ya Taylor na Gantt, aliyehesabu na kupima vipande hakuwa kapita huyo. Alikuwa mkaguzi, mtu mwingine kabisa, na kipande alichokikataa hakikuhesabiwa. Matabishi yalitoka kwenye daftari la mkaguzi. Bila mtu huyo wa tatu, utaratibu wote ungegeuka mchezo wa kuandika namba.

Nyekundu na nyeusi

Baada ya Bethlehem, Gantt alianza kufanya kazi ya ushauri kwa jina lake mwenyewe. Alipita katika viwanda vya nguo, vya hariri, vya mashine za kuandikia. Kila mahali alikuta jambo moja: wakubwa walikuwa na vitabu vya hesabu vilivyojaa, lakini habari ziliwafikia mwezi mmoja au miwili baada ya jambo kutokea. Walijua pesa zilizotoka. Kuhusu kazi iliyosimama jana, hawakujua neno.

Mwaka wa 1903 aliwaeleza mainjinia wenzake wa Marekani namna ya kuweka mizani ya kila siku kwa mchoro: kilichotakiwa kufanyika leo, kilichofanyika leo, kilichobaki. Katika michoro yake ya matabishi, kila mfanyakazi alikuwa na msitari wake. Siku aliyofikia kipimo ilichorwa kwa rangi nyeusi, siku aliyoshindwa kwa nyekundu. Mkubwa wa kiwanda alitazama karatasi moja na kuona mahali penye wekundu mwingi.

Si kila mtu alifurahi. Kuna viwanda ambako wafanyakazi waligoma mbele ya utaratibu wake. Walikuwa wameona wazungu wengine wakija na saa na karatasi, na kila mara kazi iliongezeka kuliko mshahara. Gantt alipenda kusema kwamba nyekundu si ya kumwadhibu mtu, ni ya kutafuta sababu. Lakini aliyekuwa nyekundu wiki nzima, jina lake likiwa ukutani, alikuwa na haki ya kutosadiki.

Kitabu chake cha kwanza kikubwa, juu ya kazi, mishahara na faida, kilitoka mwaka wa 1910. Miezi ileile, kule Maniema, vibarua walikuwa wakimalizia kulaza reli ya Kampuni ya CFL kutoka Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, iliyofunguliwa kati ya 1910 na 1911. Ni kazi ambayo iligharimu maisha na jasho la watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Lakini kwa upande wa ukaguzi, reli ina faida moja: haidanganyi. Garimoshi linapita au halipiti. Shida inakuja kwa kazi ambazo hazina garimoshi la kuzijaribu: semina, uhamasishaji, ukarabati, ufuatiliaji.

Miaka iliyofuata Gantt alianza kuelekeza kidole juu badala ya chini. Alichora mashine zilizolala bila kazi, akaandika sababu ya kila moja kulala, na akakuta kwamba mara nyingi kosa si la mfanyakazi. Malighafi haikuagizwa. Hakuna aliyetengeneza mashine. Amri ilichelewa. Mwaka wa 1915 alitetea mbele ya mainjinia kwamba gharama ya mashine iliyolala isiongezwe kwenye bei ya bidhaa, ibaki shingoni mwa wakubwa walioiacha ilale. Wenye viwanda hawakulipenda hilo. Taylor alifariki mwaka huohuo, na urafiki wao ulikuwa umepoa.

Kulikuwa pia na miezi ya siasa. Mwisho wa mwaka wa 1916 Gantt alianzisha kikundi cha mainjinia waliotaka nchi iongozwe na watu wanaojua kazi badala ya wenye pesa. Kikundi hakikudumu.

Mstari wa pili

Aprili 1917 Marekani iliingia katika Vita vya kwanza vya dunia. Ilihitaji mizinga, risasi, mavazi, na zaidi ya yote meli za kuvuka bahari ya Atlantiki, kwa sababu nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli nyingi. Jenerali William Crozier, mkuu wa idara ya silaha ya jeshi, alimwita Gantt.

Crozier na watu wa Taylor walikuwa wanajuana kwa shida. Mwaka wa 1911 wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha serikali pale Watertown waligoma kwa kukataa kupimwa kwa saa, na mwaka wa 1915 Bunge la Marekani lilikataza saa hiyo na matabishi katika viwanda vya silaha vya jeshi. Kwa hiyo Gantt aliingia bila vyombo viwili alivyovizoea. Hangeweza kumpima mtu kwa sekunde, wala kumpa nyongeza. Kilichobaki mkononi mwake ni karatasi na kalamu.

Alichokuta kingefahamika kwa mkaguzi yeyote wa Kindu leo. Idara ilijua pesa ngapi zimetengwa. Ilijua mikataba mingapi imetiwa sahihi. Ilijua jumla ya bunduki zilizoagizwa. Mtu alipouliza kazi imefika wapi, alijibiwa kwa jumla hizo. Gantt akaona kwamba yeye na wenzake walikuwa wamekosea kupanga kwa idadi tu, kwa sababu idadi bila muda haisemi kitu. Vipande elfu kumi ni habari njema kama vilitakiwa leo, na ni msiba kama vilitakiwa miezi mitatu iliyopita.

Basi akachora hivi. Karatasi inagawanywa kwa siku au wiki, na kila nafasi inabeba mambo mawili kwa pamoja: muda, na kiasi cha kazi kilichopangwa kwa muda huo. Tuchukue mfano wa karibu, kufyatua matofali ya shule. Mpango ni matofali 1 000 kwa siku. Jumatatu yamefyatuliwa 600. Katika nafasi ya Jumatatu unachorwa mstari mwembamba unaofika mbele kidogo ya nusu. Jumanne 1 000, mstari unajaa. Jumatano mvua, 200. Chini yake kuna mstari mnene unaojumlisha yote: 1 800 katika siku tatu. Kwa mpango, 1 800 ni kazi ya siku moja na sehemu nne za tano. Mstari mnene unasimama hapo, kabla Jumanne haijaisha, ilhali alama ya leo iko mwisho wa Jumatano. Mtu asiyejua kusoma vizuri ataona: tumechelewa zaidi ya siku moja.

Mstari huo hauchorwi kwa maneno ya msimamizi. Unachorwa kwa hesabu ya matofali. Hapo ndipo mchoro wa Gantt unaachana na kronogramu nyingi za leo, ambamo rangi inajazwa kwa sababu mwezi umepita.

Tena kulikuwa na herufi. Mahali mstari mwembamba haukujaza nafasi, mwenye kuchora alitakiwa kuandika kwa nini, kwa herufi moja. A, mfanyakazi hakuja. G, mfanyakazi bado mgeni wa kazi. H, wasaidizi hawatoshi. I, hakupewa maelezo. M, shida ya malighafi. R, mashine inahitaji kutengenezwa. T, shida ya vyombo. Hata mwendo wa polepole wa mfanyakazi ulikuwa na herufi yake, L, lakini ulikuwa mmoja tu kati ya sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo zilimrudia bosi. Huwezi kuacha pengo tupu. Kazi ambayo haikufanyika inakaguliwa sawasawa na kazi iliyofanyika. Pengine hicho ndicho kitu bora alichokibuni, na ndicho kilichosahauliwa mapema kuliko vyote.

Kutoka silaha alipelekwa kwenye meli, katika shirika la serikali lililoundwa Aprili 1917 kujenga na kuendesha meli za vita vile. Michoro ilifuata meli zilizokuwa zikijengwa, na zile zilizokaa bandarini zikingoja kupakua mizigo. Meli iliyosimama bandarini wiki mbili ilikuwa mali kwenye vitabu. Kwenye mchoro ilikuwa pengo.

Baada ya kifo

Gantt alifariki tarehe 23 Novemba 1919, akiwa na miaka 58, kwa ugonjwa wa tumbo uliomshika ghafla. Mwaka huo kitabu chake cha mwisho, juu ya kupanga kazi, kilikuwa kimetoka. Hakuchukua hati ya kumiliki michoro yake. Yeyote aliruhusiwa kuiiga. Mwenzake Wallace Clark aliifafanua katika kitabu cha mwaka wa 1922, kikatafsiriwa kwa lugha kadhaa, na ndipo jina likaenea. Mwaka wa 1929 wakubwa wa uinjinia wa Marekani waliweka medali kwa jina lake, na ya kwanza ikapewa yeye mwenyewe, miaka kumi akiwa kaburini.

Haki inataka kusema kwamba hakuwa peke yake. Injinia Mpoland, Karol Adamiecki, alikuwa amechora kitu kinachofanana mwaka wa 1896. Aliandika kwa Kipoland na Kirusi, na dunia ya viwanda ilisoma Kiingereza. Watu wanaoandika kwa lugha zisizo na nguvu wanajua namna mambo yanavyokwenda.

Michoro ilifika hadi Urusi ya Kisovieti. Walter Polakov, injinia aliyefanya kazi na Gantt, alikwenda huko mwisho wa miaka ya 1920, wakati wa Mpango wa kwanza wa miaka mitano. Serikali iliyopanga kila kitu ilipenda chombo hicho. Lakini mkurugenzi wa kiwanda aliyejua kwamba kushindwa mpango kungeweza kumtupa jela alijifunza kuongeza namba. Ripoti zilipanda, bidhaa hazikuonekana. Mstari wa pili ukawa nakala ya wa kwanza.

Mwisho wa miaka ya 1950 kompyuta zikaingia katika kupanga kazi kubwa, na kuanzia miaka ya 1980 programu za kusimamia miradi zikakaa juu ya meza za kawaida. Mistari ya Gantt ikarudi kwa rangi nzuri. Katika programu hizo kila kazi ina nafasi ya asilimia, au kisanduku cha kutia alama kwamba imekwisha. Na hapo kuna jambo dogo lenye madhara makubwa: mara nyingi anayetia alama ni yuleyule aliyefanya kazi. Programu haiendi kuona. Inaamini. Ukiandika 90, inajaza rangi hadi 90, na mfadhili aliye Kinshasa au Brussels anaona rangi hiyo dakika ileile.

Asilimia 90 ni namba inayojulikana sana. Kazi inafika hapo haraka na kukaa hapo miezi. Shule yenye kuta na bati, bila milango wala madawati, ni asilimia 90 katika ripoti. Kwa mwalimu wa Kibombo anayengoja kuingiza watoto, bado hakuna shule.

Swali hilo lina uzito mpya tangu serikali ianze mpango wa maendeleo ya territware 145 za nchi, mwaka wa 2022. Awamu ya kwanza ilipanga shule 1 210, vituo vya afya 788 na majengo ya utawala 145. Maniema ina territware saba: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Ripoti zinafika Kindu kwa simu na kwa barua pepe. Barabara haziendi haraka hivyo. Kwenda kuhesabu vyumba vya darasa katika kijiji cha Kabambare ni safari ya siku kadhaa wakati wa mvua, na hata kuvuka Lualaba kutoka Kasuku hadi Alunguli, komine ya mji uleule, kunataka mtumbwi. Mtu aliyebaki bironi ana kila sababu ya kuamini namba aliyotumiwa.

Sheria za ujenzi wa serikali zinajua hatari hiyo, ndiyo maana kuna mapokezi ya muda na mapokezi ya mwisho, na kati yao muda wa kungoja kuona kama jengo litapasuka. Kuna pia mkaguzi wa kazi ambaye hatakiwi kuwa mtu wa mjenzi. Ni yuleyule mtu wa tatu wa Bethlehem. Anapolipwa na mjenzi chini ya meza, au anapotia sahihi bila kutoka garini, kilichobaki ni maneno ya kapita.

Baadhi ya timu zimeanza kuongeza hatua moja katika programu zao. Kazi haitoki moja kwa moja kwenye inafanyika kwenda kwenye imekwisha. Inapita kwanza kwenye inangoja kukaguliwa, na mwenye kuifunga ni mtu mwingine, akiwa na picha yenye tarehe na mahali ilipopigwa, au karatasi ya kamati ya kijiji iliyohesabu. Hakuna gharama kubwa hapo. Ugumu ni kukubaliana mbele ya kazi kuanza nini kitahesabiwa kuwa kumaliza: kisima kilichochimbwa, au kisima kinachotoa maji mwezi wa Agosti? Semina iliyofanyika, au watu wanaoweza kufanya walichofundishwa? Wengi wanaliahirisha swali hilo mpaka siku ya ripoti, na siku hiyo kila upande una jibu lake.

Herufi za Gantt hazimo tena. Mahali pake programu nyingi zina nafasi ya kuandika maelezo kando ya kila kazi iliyochelewa. Katika faili nyingi, nafasi hiyo ni tupu.